Jembe la Kushikia Mtumbwi

Wamemzika Lupembe juzi, hapa Ikombe, na mimi nilikwenda. Nilikwenda kwa sababu miguu bado inanibeba, na kwa sababu nilitaka kuona kwa macho yangu udongo ukimfunika. Atakayesema nina roho mbaya na aseme. Nilikaa nyuma, karibu na mafiga ya msiba, wanapokaa vikongwe ambao hakuna anayewasubiri walie, nikamsikiliza mchungaji akimpamba marehemu kama bibi arusi. Mchungaji mwenyewe ni kijana. Mwaka ninaoukumbuka mimi, baba yake alikuwa bado anatambaa. Akasema tumempoteza mtu wa huruma. Akasema tumempoteza mtu wa neno lake. Nikakohoa kwa nguvu mpaka mwanamke aliyekuwa anasonga ugali akageuka. "Bibi Sekela, moshi unakuumiza?" Nikamwambia ndiyo, moshi. Ningemwambia nini? Maiti hasemwi vibaya, ndivyo tulivyozoeshwa, na ndiyo maana waovu wote wa pwani hii wamezikwa wakiwa malaika.

Njiani mjukuu wangu akaniuliza mbona sikutoa hata chozi. Halafu, ili kunichangamsha, akaanza kunisimulia baiskeli yake. Ameiona dukani Kyela, nyeusi, ina kengele, na ameacha arabuni ili mwenye duka amshikie mpaka avune. Nikamwuliza, akija mwenye mfuko mnene kuliko wako je? Akacheka. "Bibi, hawezi kuiuza. Arabuni yangu anayo." Hawezi! Nilisimama palepale njiani nikamtazama mtoto huyu mwenye meno yake yote na imani yake yote. Neno hilo la arabuni wametuletea watu wa pwani ya chumvi, lakini jambo lenyewe tulikuwa nalo kabla yao, na najua linavyofanya kazi, kwa sababu mwaka mzima wa usichana wangu uliliwa nalo. Mjerumani alikuwa bado ndiye mwenye nchi, kodi ya nyumba ilikuwa inawakimbiza wanaume milimani, na mimi nilikuwa mwanafunzi wa ufinyanzi katika nyumba ya Juba Ikupa. Juba ni mama kwa lugha yetu, ingawa hakunizaa. Jinsi nilivyofika kwake ni habari nyingine.

Nyumba yake ilikuwa na vyumba viwili, na chumba kikubwa hakikuwa chetu, kilikuwa cha vyungu. Vilikaa vimepangana mpaka kwenye paa, vibichi upande wa mlango vikauke taratibu, vilivyochomwa upande wa ndani, na sisi wawili tulilala kwenye kijichumba cha nyuma tumekunja magoti. Asubuhi nilikanda udongo mpaka viwiko viniume, yeye akiwa ameketi na kigae chake cha kufinyangia mbele, anazungusha kwa mkono wa kushoto, anapandisha ukuta wa chungu kwa mkono wa kulia, mdomo haufungi. Juba alikuwa msemaji. Alimsema kila mtu kwa zamu, na zamu ya Lupembe ilikuwa ndefu kuliko za wengine. Tulikula ndizi za kuchemsha na usipa mkavu, dagaa wa ziwa letu, mara nyingi bila chumvi, na kila tonge alilotia mdomoni alilihesabia Lupembe. "Hili lingekuwa na maharage," alisema. "Maharage yako kwa Lupembe. Kula, mwanangu, ukijua maharage yako yako wapi."

Na kweli yalikuwa kwake. Ikombe wakati ule, kama leo, mlima umeisukuma mpaka majini. Udongo wa vyungu tunao, shamba la maana hatuna. Chakula kiko ng'ambo, kwenye tambarare za Ngonga, na huko chungu kiliuzwa kwa ujazo wake: mnunuzi akikitaka, anakijaza ulezi au maharage au ule mpunga ambao ulikuwa bado mgeni, anamwaga kwenye kikapu chako, anabaki na chungu. Lakini vyungu havitembei juu ya maji. Wavuvi walikuwa na vile vimtumbwi vya kukalia mtu mmoja na nyavu zake. Mtumbwi wa kubeba shehena ulikuwa mmoja tu, wa Lupembe, na Lupembe alichukua nusu. Mliposhuka ufukweni Ikombe na vikapu vyenu, yeye alikuwa amekwisha kusimama na kikapu chake, unamwagia, anasawazisha kwa kiganja, anatazama, na kama kuna kidole cha nafasi ukingoni anasema, "Ongeza." Wanawake waliofinyanga, waliosugua kwa kokoto, waliopaka rangi nyekundu na kuchora nyeupe, waliochoma na kupasukiwa, walikuwa wanapata nusu. Mwenye gogo la kuelea alipata nusu nyingine. Nilikuwa mdogo na bado nilikuwa naona damu inanichemka.

Siku moja Juba alisimamisha kigae chake katikati ya chungu, jambo ambalo hakulifanya kamwe. "Mwaisaka amekata mti," alisema. Mwaisaka alikuwa mchonga mitumbwi, anakaa upande wa Matema, msituni juu. "Mti mkubwa. Wamechoka kuuzunguka. Sekela, tuuchukue huo mti." Nikacheka, nikidhani ni utani. Hakucheka. Alikwisha kufikiri yote. Tungemwahidi Mwaisaka ulezi wa mavuno mawili na vyungu vya bibi arusi vya kumtosha kuoza binti zake wote, tungelipa mtumbwi ukishaingia majini, na kuanzia hapo kikapu chote ni chetu. Lakini kwanza lazima tuushike. Kushika mti hapa kwetu ni hivi: unampelekea mchongaji jembe jipya, jembe tupu, halina mpini, mbele ya mtu wa kuona. Akilipokea, mti una mwenyewe. Siku ya kuuburuza mtumbwi kutoka mlimani mpaka ziwani, mnunuzi lazima afike na pombe ya waburuzaji kabla jua halijazama. Asipofika, amejitoa mwenyewe na jembe lake limepotea. Na mchongaji akigeuka yeye, analirudisha jembe, na juu ya jembe anaweka mbuzi wa kuomba radhi. Jembe letu tulilinunua kwa Mkinga mhunzi aliyeshuka na majembe kutoka milimani, likatugharimu vyungu vizuri kuliko vyote vilivyokuwa ndani. Nakumbuka chumba kilivyobaki kipana siku ile. Tulipiga mwangwi tukizungumza.

Mwaisaka alilipokea. Alilipima mkononi, akaligonga kwa kucha, likalia vizuri, akashukuru, "Ndaga, Juba. Mti ni wako." Mkewe alituletea mbalaga, ndizi zimepikwa na samaki mbasa, tukala mpaka nikafungua mkanda wa nguo. Nilifurahi kijinga siku hiyo. Niliamini, kama mjukuu wangu na baiskeli yake, kwamba jembe lile lilikuwa limeufunga mti kwa kamba. Leo nikifikiri naona upuuzi wake. Arabuni haimfungi mtu. Inamwekea tu bei ya kukugeuka. Bei ya Mwaisaka kutugeuka ilikuwa mbuzi mmoja, basi. Yeyote ambaye angempa kitu cha kumzidi mbuzi, angeupata mti. Na Lupembe alikuwa na ng'ombe.

Hakutuambia neno. Hilo ndilo lililonichefua kuliko yote. Habari zilimfikia, maana Ikombe ukipiga chafya upande huu unaombewa uzima upande ule, na mtumbwi wake mwenyewe ulikuwa umeanza kuoza tumbo, anauziba kwa matambara. Akatusalimia kama kawaida. "Ugonile, Juba." "Nagonile, Lupembe." Akaendelea kuchukua nusu yake. Siku ya kuburuza ilipotangazwa, Juba alikuwa amepika pombe ya kimpumu, vyungu vinne vikubwa, nyumba nzima inanuka ulezi uliochacha, tukashusha vyungu ufukweni alfajiri kama tulivyopatana na Lupembe atuvushe mpaka Matema. Alikuwa amesimama anatazama ziwa. Ziwa lilikuwa limetulia kama uji kwenye sahani.

"Leo haiwezekani," alisema. "Upepo wa mwera unakuja."

"Mwera uko wapi?" Juba akamwuliza.

"Nimesema unakuja. Mnataka kufa? Mimi nina watoto."

Halafu, mbele ya macho yetu, akapanda mtumbwi wake pamoja na kaka zake wawili, na ndani yake mlikuwa na vyungu vya pombe vimefunikwa majani ya mgomba. Vyungu vyenyewe vilikuwa kazi ya mikono ya Juba! Wakaondoka wakielekea Matema, hawana haraka. Nilitupa jiwe. Halikufika hata nusu. Juba hakutupa chochote. Alifunga nguo yake kiunoni, akasokota ngata mbili za majani, akaniambia, "Chagua viwili vyako."

Kuna njia ya miguu toka Ikombe kwenda Matema, kama mtu akitaka kuiita njia. Inapita kwenye mawe juu ya maji, mahali pengine unashika mizizi, mahali pengine unakaa chini unateleza kwa makalio. Mbuzi wanaipita wakilalamika. Sisi tuliipita na chungu cha pombe kichwani na kingine mkononi. Kimoja changu kilipasuka, nikalia, Juba akanipigia kelele kwamba nilie nikitembea. Tulifika mlimani kwa Mwaisaka miguu inavuja damu, jua bado lipo, na vyungu vitatu vizima. Watu walikuwa wamekaa kivulini wanavuta kimpumu cha Lupembe kwa mirija, mtumbwi umekwisha kufika nusu ya mteremko, mpana, mweupe ndani, bado unanuka utomvu. Loo, ulikuwa mzuri. Nikauona na nikajua tumeukosa.

"Mwaisaka," Juba akasema, hata chungu hajakitua. "Jua hilo hapo. Pombe hii hapa. Nani amejitoa?"

Mwaisaka hakumtazama. Alikuwa anachokonoa tezo yake kwa kidole. "Hukujitoa, Juba."

"Basi mtumbwi ni wa nani?"

"Nina kodi," Mwaisaka akasema. "Askari walikuja wakataka kuwasha paa langu. Lupembe amenipa mtamba. Nifanye nini mimi?" Akaingia ndani, akatoka na jembe letu, jipya vilevile, halina mpini, akaliweka miguuni mwa Juba. Mbuzi hakuwa naye. Lupembe ndiye aliyejichekesha akasema mbuzi atatoa yeye, jambo dogo hilo, wanawake wasiende mikono mitupu. Watu wakacheka naye. Walikuwa wamelewa pombe yake, wangecheka hata angemtemea mate malafyale, chifu wetu mwenyewe.

Mbuzi aliletwa Ikombe akafungwa kwenye mti mbele ya mlango wetu. Jike, mweusi, ana doa jeupe shavuni. Na hapo ndipo Juba alipoonyesha ni mtu wa namna gani, maana desturi hiyo ina mguu wa pili ambao Lupembe, kwa ulevi wa ushindi, hakuutilia maanani. Mbuzi wa radhi hawekwi tu. Lazima afunguliwe na mtu wa nyumba iliyogeukwa, aingizwe ndani, alale kwao usiku mmoja. Akishalala, neno limekwisha. Asipolala, mtumbwi una neno, na mtumbwi wenye neno hapa kwetu hakuna mwanamke wa kupakia chungu chake ndani. Juba hakumfungua. Alimpita asubuhi akienda kuchota udongo, alimpita jioni akirudi, kana kwamba ni kisiki. Na kwa kuwa mbuzi asiyepokelewa analishwa na aliyemleta, ikabidi mke wa Lupembe aje kila siku na majani na maji, anainama mbele ya mlango wetu, na Juba akiwa ndani anasema kwa sauti ya kusikika nje, "Sekela, kuna mtu anafagia uwanja wetu?" Nilicheka mpaka mbavu ziume. Siku hizo zilikuwa na utamu wake, siwezi kukataa.

Lakini utamu haujazi tumbo. Mtumbwi wa zamani wa Lupembe ulipasuka mwanzoni mwa mvua, mpya ukawa umekaa ufukweni umefunikwa makuti, hakuna wa kuugusa, na wanawake wote wa Ikombe wakabaki na vyungu vyao. Mwanzoni walimsifu Juba. Baadaye nilianza kusikia mazungumzo yakinyamaza nikifika kisimani. "Amwachie basi." "Kiburi cha mtu mmoja, njaa ya kijiji kizima." "Mbuzi wa watu anakonda pale kwa ukaidi tu." Lupembe mwenyewe alikuja, akakaa kizingitini kwetu bila kukaribishwa. Akasema atachukua theluthi badala ya nusu. Juba hakuinua macho kutoka kwenye chungu. Akasema atatubebea sisi wawili bure, wengine walipe. Nilimtazama Juba, maana ndicho hasa tulichokuwa tunakitaka.

"Mti ule niliushika," Juba alisema. "Sikuomba kubebwa."

Tukaendelea kwa miguu. Kwenye mawe yale yale, sasa yamelowa, na vyungu kichwani kila mmoja vinne vimefungwa kwa kamba za mgomba, mpaka Matema, na toka Matema tunatembea tena mchangani mpaka tupate wanunuzi. Siku aliyoanguka nilikuwa mbele yake. Nilisikia vyungu kwanza. Nilipogeuka alikuwa amelala kati ya mawe mawili, vigae vimemzunguka, na paja lake limepinda mahali ambapo paja halina kiungo. Hakulia. Alisema, "Tazama kama kuna kilichopona." Nilikimbia mpaka kijijini kuita watu, na wakambeba mpaka ufukweni juu ya mlango wa matete. Wazee wakamwangalia wakatikisa kichwa. Mwunga mifupa alikuwa Ngonga. Mvuvi hawezi kumlaza mtu kwenye kimtumbwi chake. Mguu ulikuwa unavimba tunauona, na Juba alikuwa ameanza kusema maneno ya watu waliokwisha kufa.

Lupembe alikuja na kasia begani. Nilidhani, Kyala nisamehe, nilidhani moyo umemwingia. Makuti yalikwisha kuondolewa, kaka zake wamekwisha kuusukuma mtumbwi mpya mpaka maji yanaugusa. Watu wakaanza kumshukuru. Akainua mkono wanyamaze.

"Nitampeleka," alisema. "Mbuzi afunguliwe kwanza."

Sikuelewa. Ilibidi arudie. "Mtumbwi wangu una neno. Siwezi kumpakia mtu kwenye mtumbwi wenye neno, akinifia humo itakuwaje? Wewe ni mtu wa nyumba yake. Kamfungue."

"Anakufa," nikamwambia. "Hukumwona? Anakufa!"

"Basi kimbia."

Watu walikuwa pale. Wazee walikuwa pale, na mke wake alikuwa pale, na hakuna hata mmoja aliyemwambia Lupembe, wewe mtu gani. Walinitazama mimi! Mimi ndiye niliyekuwa nachelewesha. Nimeishi miaka mingi tangu siku ile, nimezika mume, nimeona vita ikipita hapa na kuzoa wanaume kama kuni, na bado hakuna kitu kilichonichoma kama yale macho ya majirani zangu. Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia Lupembe akiwa amesimama na kasia lake, anangoja, ana subira kabisa. Nilikimbia. Nilimfungua mbuzi kwa meno maana kamba ilikuwa imekaza kwa mvua, nikamkokota mpaka ufukweni ili amwone, nikamwambia, "Huyu hapa. Nimempokea. Mchukue mama yangu."

Akafurahi. Na katika furaha yake akafanya kosa. Alimtazama mbuzi, akaona tunaondoka wote wawili, nyumba inabaki tupu, na choyo chake kikamzidi. "Mke wangu," akasema, "mpeleke zizini kwetu asije akaliwa na chui. Wakirudi watamkuta." Mke wake akamchukua. Mimi sikusema kitu. Nilikuwa ndani ya mtumbwi nimeshika kichwa cha Juba, hata kama angemchukua mbuzi akampandisha mbinguni nisingesema kitu.

Tulikaa Ngonga kwenye kibanda cha yule mwunga mifupa mpaka mvua zikaisha. Kilikuwa kibanda chenye joto, kinanuka mafuta ya mbarika na mikojo ya wagonjwa, na nje yake wanawake wa pale walikaa wakipepeta mpunga na kusemana mchana kutwa. Nilikuwa nasugua vyungu vya watu ili tupate chakula. Juba aliunguzwa na homa, akapona, mguu ukashika ukiwa umepinda, mfupi kuliko mwenzake. Aliporudiwa na akili aliuliza kitu kimoja tu.

"Tulikuja na nini?"

"Na mtumbwi wa Lupembe."

"Upi?"

Nikainamia chungu nilichokuwa nasugua. Alinitazama, akageukia ukutani. Nilisubiri aniulize ilikuwaje, nimweleze kasia, nimweleze wazee walivyonitazama, nimweleze meno yangu yalivyouma. Hakuuliza. Kwa siku nyingi alizungumza na yule mwunga mifupa, alizungumza na wapepeta mpunga dirishani, mimi alinipa mgongo. Nilimlisha kwa mkono wangu na alikula, lakini alikula kama mtu anayelishwa na ukuta. Nilikuwa nimeyanunua maisha yake na sikupata hata ndaga. Nasema wazi, niliumia, na naumia hata leo ninapoandika.

Tuliporudi Ikombe, Lupembe alikuwa mtu mkubwa. Mtumbwi mpya ulikuwa unakwenda na kurudi, wanawake wanapakia, nusu inamwagwa kama zamani. Juba alishuka kwa fimbo, hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja uwanjani kwa Lupembe, anachechemea, mimi nyuma yake na mzigo, na watu nyuma yangu wakinusa ugomvi.

"Nimekuja kuchukua mbuzi wangu," alisema.

Lupembe alikuwa anakula. Akaosha mikono taratibu. "Yule mbuzi, Juba, ilinibidi nimchinje. Walikuja wageni wa boma, unajua mambo ya boma. Nitakupa mwingine, mnono zaidi."

"Umemchinja."

"Nitakupa mwingine."

"Alilala wapi siku aliyofunguliwa?"

Nilimwona mke wa Lupembe akiinuka na kuingia ndani. Juba akageukia wazee, wale wale walionitazama ufukweni, akawauliza mmoja mmoja kwa jina, kwa adabu zote, kwa kupiga magoti na mguu wake mbovu umenyooka pembeni: Tata, mbuzi alilala kwangu? Tata, ulimwona kwangu? Hawakuwa na pa kupita. Wote walikuwepo, wote walisikia Lupembe akisema kwa mdomo wake apelekwe zizini kwake. Mbuzi hakulala kwetu. Radhi haikupokelewa, na sasa iko tumboni mwa wageni wa boma. Mti ulikuwa umeshikwa na Juba, mwenye mti aligeuka, na kugeuka kwake hakukukamilika. Wazee walibishana mpaka midomo ikakauka, Lupembe akapiga kelele juu ya mtamba wake, akaambiwa mtamba amdai Mwaisaka. Juba akapewa mtumbwi. Angelipa ulezi wa mavuno mawili na vile vyungu kama alivyoahidi, basi. Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikanikauka. Lupembe alinipita akanung'unika tusi ambalo sitaliandika, na nilimjibu lingine ambalo nalo sitaliandika, ila langu lilikuwa refu zaidi.

Safari ya kwanza tulikwenda wanawake watano, na mimi nilikuwa na vyungu vyangu mwenyewe, vya kwanza ambavyo Juba alinikubalia kuviita vyungu. Tulipiga makasia tunaimba. Ngonga waliviona vikachukuliwa vyote, nikajaziwa mpunga, mpunga mweupe, nikarudi nimekaa nao miguuni naushika kila mara nisiamini. Niliwaza nitakavyompikia Juba wali, bila kuhesabiwa tonge. Niliwaza labda leo atazungumza nami. Tulipofika Ikombe yeye alishuka wa kwanza, kwa fimbo, akafika mchangani, akageuka. Mkononi alikuwa na kikapu kitupu. Mwenzangu wa kwanza akamwagia, akidhani ni zawadi ya shukrani, na Juba akangoja mpaka ikafika nusu ndipo akasema inatosha. Wa pili akamwaga bila kuuliza.

Nikafika mimi. Nikacheka. "Juba, na mimi?"

"Umekuja kwa miguu?"

"Juba, ni mimi. Sekela."

"Nakujua," alisema. Ilikuwa ni mara ya kwanza kunitazama usoni tangu Ngonga. "Wewe ndiye uliyemfungua mbuzi. Mtumbwi huu wewe uliwauzia wao siku ile, hukuniuliza. Mimi nimeununua tena, kwa mguu wangu. Mwaga."

Nilimwaga. Mpunga mwingine ukamwagikia mchangani, na yeye akanisubiri niuokote. Halafu akausawazisha kwa kiganja, akainama kidogo kwa sababu ya mguu wake, akatazama ukingo wa kikapu.

"Ongeza," akasema.